Kila Mtu Goma Ni Fundi

Simamisha pikipiki kando ya barabara katika mji huu, uiname kidogo upande wa injini, kisha uanze kuhesabu. Kabla hujafika kumi utakuwa umeshapata kamati. Mwenyekiti wake huwa ni motari, dereva wa teksi ya pikipiki, aliyemwacha abiria wake juu ya kiti, katikati ya njia, bila hata kumwambia samahani. Katibu ni kijana anayeuza mayai ya kuchemsha. Na hakosekani mzee mmoja ambaye tangu azaliwe hajamiliki hata chukudu, ule mkokoteni wa mbao wa magurudumu mawili. Watainama nawe, watagusa mahali pasipoguswa, watarudisha kidole haraka mdomoni, na kamati itatoa tamko lake: "Mukubwa, hii inapata moto sana."

Asanteni. Sikuwa na habari. Goti langu la kulia, ambalo limekuwa likibabuka taratibu tangu mwaka jana, lilikuwa linanificha siri hiyo.

Pikipiki yenyewe ni ya Kijapani, cc 650, silinda moja, injini ya kupozwa kwa maji, tanki la zaidi ya lita 20. Chapa yake siitaji. Mimi ni mfasiri, na mwanzoni mwa 2025, vita vilipoingia mjini na wageni wengi wakafunga mabegi wakaondoka Goma, mmoja wao niliyekuwa namdai malipo ya kurasa chungu nzima aliniachia pikipiki badala ya pesa. Benki zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo hata nafasi ya kubishana haikuwepo. Nikapokea ufunguo, kofia ngumu moja kubwa kuliko kichwa changu, na kitabu cha maelekezo cha Kijerumani, lugha ambayo sifasiri.

Ni pikipiki ya safari ndefu. Iliundwa kwa ajili ya watu wanaotoka Ulaya, wanaikata Sahara, wanafika Cape Town na ndevu za miezi. Kwangu inaukata mtaa wa Ndosho. Safari yangu kubwa ya kawaida ni Goma hadi Sake, kilomita kama 25, na nikifika nageuza. Nilikuwa na ndoto ya barabara ya Rutshuru: nishukie uwanda wa Rwindi, kwenye joto la bondeni, kisha niupande ukingo wa Kabasha kona kwa kona hadi Kanyabayonga. Hiyo ndiyo njia ya kuipa injini mtihani. Lakini barabara ile siku hizi inataka moyo ambao mama watoto amenikataza kuwa nao. Basi mtihani wa injini yangu unafanyika kwenye mzunguko wa Signers, saa kumi na moja jioni.

Najua mtu wa Mombasa au Dar es Salaam akisikia Goma tunalalamikia joto atacheka mpaka atoe machozi. Sisi tuko mita 1500 juu ya bahari. Asubuhi tunavaa makoti, jioni ziwa linatupepea bure. Hewa ya baridi ipo tele. Tatizo ni kwamba hewa hiyo inatakiwa ipite ndani ya rejeta, na ili ipite, pikipiki lazima iende. Injini ya petroli hugeuza kuwa mwendo robo tu, au ikijitahidi sana theluthi, ya nguvu iliyomo ndani ya mafuta. Inayobaki yote ni joto. Jingine linatoka na moshi, jingine linabebwa na maji, na jingine, kwa upande wangu, linakabidhiwa goti. Ukiwa kwenye lami, upepo unakufanyia kazi bila mshahara. Ukiwa Signers nyuma ya Fuso iliyozimika, ubavuni una chukudu lenye magunia ya makaa, na nyuma mwenye gari dogo anapiga honi akiamini honi inasukuma, upepo haupo. Kazi yote inaiangukia feni moja ya plastiki ambayo haizidi sahani ya ugali.

Toka Signers uingie mitaa ya ndani, ndipo mambo yanapoharibika zaidi. Barabara zetu nyingi za vitongojini ni mawe ya volkano tu, meusi, yenye meno. Unakwenda giya ya kwanza, klachi umeishika nusu, mwendo wa mtu anayerudi msibani. Injini inazunguka sana, pikipiki inakwenda kidogo. Ukitaka kuchemsha maji, hiyo ndiyo njia iliyo rahisi.

Wanaokumbuka Mei 2021 hawahitaji kuelezwa hili. Nyiragongo ililipuka tarehe 22 usiku, na tarehe 27 ikatoka amri kwamba mitaa 10 kati ya 18 ya mji ihame. Barabara ya Sake ikajaa watu, magari, mbuzi na magodoro. Mimi nilikuwa nyuma ya motari mmoja, cc 125, pamoja na godoro na mtoto wa jirani. Injini yake ilikuwa ikizima kila baada ya muda, na haikuwa kwa sababu ya mbio; ilikuwa kwa sababu ya kukosa mbio. Kando ya njia pikipiki zilikuwa zimeegeshwa, wenyewe wakizipepea kwa kofia na mashati. Mlima ulikuwa na sababu zake za kupata moto. Pikipiki hazikuwa na sababu yoyote isipokuwa sisi.

Na mlima angalau una wanaoupima. Kituo cha uchunguzi wa volkano cha Goma hutangaza hali yake kwa rangi nne: kijani, njano, rangi ya chungwa, nyekundu. Pikipiki yangu ina mshale mmoja na rangi mbili, nyeupe na nyekundu. Njano hakuna. Unatoka kwenye amani unaingia kwenye maafa bila kupita kwenye tahadhari.

Sasa nifike kwa fundi.

Fundi wangu ana garaji mtaa wa Katindo, chini ya mparachichi, na ni mtu mwema. Tairi anaziba vizuri, breki anakaza vizuri. Lakini ana falsafa moja ya ufundi, nayo ni kupunguza. Ukimletea pikipiki yenye kelele, anaondoa kinachopiga kelele. Ukimletea taa inayowaka mahali isipotakiwa, anaondoa taa. Nilipomletea joto, alifungua bomba la maji, akaingiza vidole, akatoa kidude cha shaba chenye springi, akakiinua juu kwenye mwanga.

"Mukubwa, umeona hii? Hii njo inazuiaka maji. Bazungu banaiweka juu kwao kuko baridi." Akakitupa nyuma ya bega lake bila kuangalia kinakoangukia.

Kidude hicho ni themostati. Kazi yake ni kuziba njia ya rejeta asubuhi injini ikiwa baridi, ili ipate joto lake la kazi haraka, kisha kuifungua. Injini inapokaribia kuchemka pale Signers, themostati nzima inakuwa imeshafunguka yote zamani. Kuiondoa hakukuongezei tone la maji. Unachopata ni injini inayochelewa kupata joto asubuhi zetu hizi za koti, inayokunywa petroli na kujila yenyewe ndani. Nilimweleza fundi haya yote. Alinisikiliza kwa heshima anayowapa watu waliosoma, akaendelea kufunga skrubu.

Joto likabaki palepale. Nikarudi. Safari hii alihamia kwenye feni. Feni ya pikipiki hii ina kihisio chake. Maji yakifika karibu digrii 100, inajiwasha. Fundi akaona huo ni uvivu. "Kwa nini ingojee? Tuiweke direkti." Akakata waya, akapitisha mwingine, na mwisho wa waya huo akafunga swichi. Nikisema swichi, usifikirie swichi ya pikipiki. Ni swichi ya taa ya nyumbani, nyeupe, ile ya ukutani, yenye alama za vidole vya familia iliyoitumia kabla yangu. Ameifunga kwenye usukani kwa mpira wa tyubu. Sasa kila ninapofika kwenye msongamano nawasha taa ya sebule. Abiria wangu wa kwanza, shemeji yangu, aliniuliza kama na soketi ipo, achaji simu.

Siibezi swichi ile, inafanya kazi. Shida ni kwamba feni imekuwa mzigo wa kichwa changu. Nikisahau kuiwasha, injini inachemka. Nikisahau kuizima, betri inakufa, na pikipiki ya uzito wa kilo karibu 200 haisukumwi kwa imani.

Kisha likaja suala la maji, na hapa naomba msomaji anivumilie, kwa sababu sijui mji mwingine duniani ambako kujaza rejeta ni fumbo kiasi hiki. Kitabu cha Kijerumani, kwa ile michoro yake, kinaonyesha chupa mbili zikimiminwa kwa usawa: kulanti nusu, maji safi yasiyo na madini nusu. Vizuri. Maji safi yasiyo na madini, Goma.

Maji yetu ya kila siku ni ya ziwa. Yanapanda kwa bomba siku bomba likitaka, na siku nyingine yanapanda kwa bidoni, mgongoni mwa mama au juu ya chukudu. Lakini Ziwa Kivu limelala kando ya volkano, na maji yake yamebeba madini. Angalia ndani ya birika lako lililochemsha maji ya ziwa mwaka mzima: ule ukoko mweupe. Sasa fikiria ukoko huo ndani ya vijibomba vya rejeta ambavyo hata njiti ya kiberiti haipiti. Fundi alijaza maji ya ziwa.

Basi maji ya mvua, nikasema. Jirani yangu ana tanki, mvua ya Goma haijawahi kukosekana. Jirani mwenyewe, mwalimu wa kemia, ndiye aliyenikatisha tamaa: mvua yetu kabla haijafika kwenye bati lake imepita kwenye moshi wa Nyiragongo, na moshi huo una asidi. Moshi ukivuma upande wako, maji ya tanki yanageuka kuwa mkojo wa mlima. Rejeta ni alumini. Asidi na alumini hawajawahi kuwa marafiki.

Nikaenda dukani kuomba maji ya betri, yale yaliyosafishwa.

"Makali ao ya baridi?" akaniuliza muuzaji.

"Yasiyo na kitu ndani."

Akanitazama kwa huruma. "Papa, kama hayana kitu ndani, unanunua nini?"

Nilipata hatimaye, kwenye chupa iliyofungwa, pamoja na kulanti ya kijani iliyokuja kwa njia ya Kampala. Bei yake ilinifanya nifikirie kuinywa mwenyewe. Nikasafisha rejeta, nikajaza, nikatoka. Signers, saa kumi na moja jioni, Fuso, chukudu, honi. Ikachemka. Kamati ikakusanyika. "Mukubwa, hii inapata moto sana."

Usiku ule nikakaa na karatasi na kalamu, kazi ambayo ningeifanya tangu siku ya kwanza kama kungekuwa na mtu mmoja katika mji huu anayeniacha nifikiri. Maji matupu yakiwa wazi huchemka kwa digrii 100 pale Mombasa, ufukweni. Ukipanda mlima, hewa inapungua uzito, na maji yanachemka mapema. Hapa kwetu, mita 1500, yanachemka kwenye digrii kama 95. Kila mama wa Goma anayepika maharage anajua maharage yetu yanachelewa kuiva. Sababu ni hiyohiyo. Rejeta lakini haiko wazi. Ina kifuniko chenye springi na mpira, na kifuniko hicho kinabana maji kwa shinikizo, ili yasichemke mpaka yakaribie digrii 120. Kifuniko kikichoka, springi ikalegea, mpira ukakauka, shinikizo linatoroka na maji yanarudi kuwa maji ya sufuria.

Sasa weka namba hizo pamoja. Feni yangu, kabla fundi hajaifanyia mapinduzi, ilikuwa inangoja karibu 100 ndipo iwake. Na chini ya kifuniko kilichochoka, maji ya Goma yanaanza kuchemka 95. Feni ilikuwa inakuja mazishini. Pwani pikipiki hii hii, na kifuniko hiki hiki, pengine ingeponea tundu la sindano. Kulanti inasaidia kidogo, maana huchemka juu ya maji matupu, lakini haiwezi kuibeba kazi ya kifuniko mabegani.

Kifuniko kipya kilinigharimu dola nane. Kinakaa kwenye kiganja. Mshale wa joto tangu siku hiyo unapanda Signers mpaka karibu na nyekundu, unaiangalia, unarudi. Na katika washauri wote walioniinamia kando ya barabara, motari, muuza mayai, mwanafunzi, mzee, padri mmoja mwenye pikipiki yake aina ya AG 100 ya miaka mingi, shemeji, hakuna hata mmoja aliyewahi kusema neno kifuniko. Nimejiuliza kwa nini, na jibu nililopata ni kwamba kifuniko haking'ai. Hakipigi kelele. Ukikibadilisha, hakuna atakayegeuka kukutazama.

Vinavyong'aa viko sokoni Birere. Nenda Birere na pikipiki kubwa uone mapenzi ya wauza vipuri. Kabla sijashuka, kijana ameshanishikia taa mbili kubwa za duara. "Patron, hizi ukitia, usiku unaonekana mpaka Idjwi." Sina deni la mtu kwenye kisiwa cha Idjwi, kwa nini anione? Lakini hata ukiacha swali hilo, kuna hesabu ambayo haifanywi na muuzaji wa taa. Pikipiki nyingi za umri huu huzalisha umeme wa wati 200 hadi 300, na hapo ni injini ikizunguka kwa nguvu. Kwenye msongamano, ikiguguma polepole, zinapungua sana. Taa mbili za halojeni za wati 55 kila moja ni 110. Ongeza taa yake ya mbele, ongeza plagi inayotaka cheche, halafu feni. Yaani saa ileile ambayo feni inahitaji umeme kuliko wakati wowote, wewe uko unamulika Idjwi. Nyumbani nimeshazoea kuzima kitu kimoja ili kingine kiwake. Sikununua, samahani, sikupewa pikipiki ili niendelee na maisha hayo barabarani. Kama ni lazima taa, ziwe za LED, zinakula kidogo. Na kabla ya taa, rilei ya feni, nyaya zenye unene unaostahili, na kihisio kirudi kazini kwake. Kijana wa Birere alinisikia akaniuliza kama basi nataka redio.

Wamotari wenyewe, maprofesa wakuu wa kamati, wananicheka kwa sababu zao hazina maji. "Yetu inapozwaka na hewa tu, Mukubwa, haina maneno." Kweli, hizo cc 125 na 150 za Kihindi zilizojaa mjini hupozwa kwa hewa, kwa yale mapezi yaliyopangana kwenye silinda. Ni mpango mzuri sana, ila unataka hewa iyafikie mapezi. Sasa itazame pikipiki ya motari wa kawaida wa Goma. Mbele ya injini amening'iniza kipande cha mpira kipana, kimeandikwa "Mungu Ni Mwema" au jina la timu, ili tope lisiruke. Ubavuni kuna vyuma vilivyovishwa mabomba ya plastiki na kitambaa cha nyuzinyuzi. Mapezi yamejaa tope la mwezi uliopita, limekauka, limekuwa blanketi. Hewa ikija kutoka mbele inasoma "Mungu Ni Mwema" inapita pembeni. Ndani silinda inaungua. Halafu jioni unamsikia analalamika petroli ya kadhafi ni mbaya.

Katika hilo la petroli, lakini, namuunga mkono. Wale vijana wa bidoni na mirija, tunaowaita makadhafi, wapo wanaouza mafuta safi, na wapo ambao mafuta yao yana harufu ya taa ya chemli. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa inawaka ovyo ndani ya silinda, injini inagongagonga ikipanda mlima, na kugonga huko ni joto jingine juu ya joto. Oili nayo ni hadithi yake. Pikipiki nyingi huogesha klachi ndani ya oili ileile ya injini, ndiyo maana zinataka oili ya pikipiki, yenye alama ya JASO MA. Baadhi ya oili za gari zina dawa ya kulainisha inayofanya klachi iteleze, na klachi inayoteleza inaunguza sahani zake na kuongeza joto. Hii nimeisema kwenye kamati. Motari mmoja akanijibu kwamba yeye anatia oili ya lori na hajafa.

Mtoto wa jirani, yule niliyehama naye 2021, sasa ana ndevu tatu na ushauri. Anataka niondoe bomba la moshi niweke lile fupi la mbio. "Itapumua, yaya." Itapumua, ndiyo, na mtaa mzima utaamka. Kabureta iliyopangwa kwa bomba la kiwandani ukiifungulia bomba tupu, uwiano wa hewa na petroli unavurugika. Hewa ikizidi, moto unakuwa mkali zaidi. Niliyetoka kununua maji ya bei ya mvinyo sitaki moto mkali zaidi. Aliondoka akisema wazee wa Goma wanaogopa maendeleo.

Nilichokubali kununua, kwa hiari yangu na bila kushauriwa, ni bamba la chuma la kufunika tumbo la injini. Mawe yetu hayana adabu. Jiwe moja la volkano likipasua sehemu ya chini ya injini, oili inamwagika na safari inaishia hapo. Nalo nililitoboa matundu, maana bamba lisilo na matundu linafungia joto ndani. Na mbele ya rejeta nikaweka wavu wa kuzuia vijiwe vinavyorushwa na malori ya Sake. Wavu wa matundu makubwa, kwa sababu niliona mtu amefunga wavu wa mbu.

Masanduku ya pembeni ni ya mama watoto. Yeye ndiye aliyeyachagua, kwa vigezo vya soko. Sanduku la kulia likaangukia juu ya bomba la moshi, nikamwambia, akasema nafasi ni nafasi. Tulipotoka Sake mara ya kwanza alikuwa ameweka humo duara mbili za jibini ya Masisi, zile nzuri, za manjano. Tulipofika nyumbani tulikuwa na duara moja, kubwa, yenye umbo la sanduku, na ndani yake funguo za nyumba. Aliitoa kwa kisu kwa muda mrefu bila kusema neno, kisha akasema: "Baba watoto, pikipiki ya watu wengine inabebaka vitu. Yako inapika." Ngao ya joto imefungwa sasa kati ya bomba na sanduku, bati la mikate lililonyooshwa. Jibini inakaa sanduku la kushoto.

Ng'ambo ya mpaka, nasikia wamechoka na mabishano haya. Kigali zipo pikipiki za teksi za umeme tangu 2019, na kuanzia 2025 teksi mpya ya pikipiki inayoandikishwa mjini humo lazima iwe ya umeme. Hazina rejeta, hazina oili, hazina kifuniko. Nilimwonyesha fundi picha ya moja. Aliitazama kwa muda, akaizungusha simu, akaniuliza kwa sauti ya mtu aliyepokea taarifa ya msiba: "Sasa huku unatoa nini?"

Kilichobaki kwangu ni themostati. Asubuhi pikipiki inachukua nusu ya safari kabla mshale haujanyanyuka, na petroli inakwisha bila maelezo. Birere kote hawana saizi yake. Wananipa ya Toyota, wananiambia nisage pembeni. Nikarudi Katindo, chini ya mparachichi.

"Ile niliitupaka," akasema fundi.

"Najua uliitupa. Ilianguka wapi?"

Akakuna kichwa, akaita nyuma ya nyumba. Akatokea mtoto wake, wa miaka kama saba, anasukuma chukudu la kuchezea alilolichonga mwenyewe, magurudumu ya mbao, breki ya kipande cha kandambili. Mbele, kati ya mikono ya usukani, alikuwa amelifunga kwa waya taa. Taa ya shaba, ya duara, yenye springi, imesuguliwa kwa mchanga mpaka inang'aa. Chukudu pekee Kivu nzima lenye themostati, na halijawahi kupata moto.

"Mutoto muzuri," nikamwambia, "hiyo taa ni ya pikipiki yangu."

"Apana, Papa. Mulitupa."

"Nitakununulia mandazi."

"Ngapi?"

"Mawili."

Hakujibu. Aliligeuza chukudu kidogo, nione jinsi taa inavyong'aa ikipigwa na jua.

"Basi unataka nini?"

"Elfu tano."

Nikamtazama baba yake. Baba yake akatazama mparachichi. Nikatoa elfu tano. Mtoto akafungua waya taratibu, akanipa themostati, akabaki ameshika kipete cheusi cha mpira kilichokuwa kimeizunguka, kile ambacho bila hicho maji yote yanavuja.

"Na kampira?" nikauliza.

"Kampira iko mia tano."

"Mpe tu, Mukubwa," fundi akasema. "Huyu hapunguzaka kitu."